Kuku Shahidi

Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza.

Katika chumba cha nyuma kwa muuza pombe mmoja wa mji wa Baraka, wanaume watatu walimtazama kuku. Kuku alichechemea. Casimir, mwenye kuku, naye alichechemea.

Mashine ya pamba ya kampuni ilimvunja Casimir nyonga. Mzee Nasoro, muunga mifupa, akamvunja kuku mguu, akawatibu wote wawili. Siku kuku atakapokanyaga vizuri, mgonjwa kapona. Ndiyo ripoti ya Nasoro, na haijawahi kudanganya. Korti iliicheka. Daktari wa kampuni aliapa kwamba Casimir ni mzima, mvivu tu. Bila fidia, wanawe wangekula nini?

"Bazungu balikataa kuku," alisema Bonaventure, kaka yake Casimir, mwizi wa siku nyingi. "Picha yabo ya mifupa ya Casimir habataikataa. Iko mu bureau ya daktari. Norbert, we ndiye mulinzi, unafungua mulango. Mi naingia. Casimir anangoja kwa mutumbwi."

"Yaya, acha niingie miye," Casimir alimwambia kaka yake.

"Na muguu gani?"

Norbert hakucheka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kengele ya misa.

Barabara tupu. Mlango wazi. Bonaventure akaingia.

Kengele ya mageuzo, katikati ya misa.

Bunduki ililia. Askari walikuwa ndani tangu alfajiri. Norbert alikuwa amewauza. Bonaventure alitoka ameshika tumbo, picha ndani ya shati, akaanguka mchangani.

Casimir aliuacha mtumbwi bila kufikiri. Alijitwika kaka yake mgongoni. Nyonga ilimwaka moto, akapiga hatua, akapiga nyingine, machozi yakimtiririka.

"Niache, ndugu."

"Nyamaza, Yaya."

Alipofika majini, aliyekuwa mgongoni hakuwa na pumzi tena.

Daktari alisimama barazani, akitabasamu. Hakuwa ameenda misa.

"Mumeona bote?" aliwauliza askari. "Kilema anabeba muntu!"

Waliitoa ile picha shatini mwa maiti, wakamrudishia daktari. Hakuna aliyeiinua kwenye mwanga.

Gerezani Fizi, hakuna kengele.

Casimir hakusimama tena. Wafungwa wenzake walimgeuza ubavu kwa ubavu. Mkewe, Immaculée, alimletea bakuli la nyama, hakuweza kumtazama usoni.

"Muzee Nasoro alisema tumuchinje kuku. Kesi imekwisha, hakuna mwenye kumuuliza tena."

Casimir alikula polepole, kwa uchungu, maana njaa haina heshima. Alipofika kwenye paja la mguu uliovunjwa, akautoa mfupa mdomoni, akaupapasa kwa kidole. Ulikuwa bado haujaunga.