Mtani Aliniambia Kuhusu Kigari, Nikacheka

"Zuena, zima! Zima hicho kitu!"

Bi Salama, somo wa bibi harusi, alikuwa anapiga kelele kutoka kiti cha nyuma huku amemkumbatia mwali wake.

Nizime nini, jamani, wakati hata mbele sioni?

Niliwasha AC tu... basi! Matundu yote ya dashibodi yakatapika vumbi jeusi. Si vumbi la barabarani. Tope kavu, laini kama poda, linatoka puuu! puuu! Shela nyeupe ya Muzdalifa ikageuka rangi ya kahawa. Kwenye ule uso niliouhangaikia tangu asubuhi yakabaki macho mawili tu.

Halafu taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja... zikazimika zote. Usukani ukawa mgumu. Gari likafa katikati ya barabara kuu. Kibiti tumeiacha, Ikwiriri hatujafika.

Nyuma yetu honi ya lori.

"Tokeni nje! Tokeni!"

Bi Salama alitoka na kiatu kimoja. Mimi nilimvuta Muzdalifa na shela yake yote mpaka kwenye majani. Lori likapinda, likapita, likaondoka na kioo changu cha pembeni.

Muzdalifa akajitazama, akaangua kilio.

"Dada Zuena, ndio naenda kwa mume wangu hivi?"

Nikamfuta shavu kwa kiganja, nikazidi kumpaka.

Sasa ngojeni niwarudishe nyuma, maana najua mtaniuliza: we Zuena, gari hilo ulilitoa wapi?

Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Kibiti. Hina, piko, mekapu, shela za kukodi, vyote utavikuta kwangu. Kilichobaki kilikuwa gari la kumbebea bibi harusi, nisiwe naombaomba ya watu. Ndipo mchumba wangu Haidari, dalali wa magari, akanitumia picha.

Jamani! Kigari kidogo, rangi ya maziwa, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshangaa. Ukikiona unasema hiki cha enzi za babu, kumbe Wajapani wamekitengeneza juzi juzi, makusudi kifanane na vya zamani. Kichwani nilishakiona na maua juu ya boneti. Nikakipenda hata bei sijauliza.

"Kilikuwa cha mama mmoja wa Dar," Haidari akasema. "Anakwenda nacho kazini, anarudi, basi."

Siku ya kukikagua nilifungua mlango, harufu ya ubani ikanipokea. Ubani, udi na karafuu juu yake.

"Nimekifukiza na kukisomea dua, mpenzi. Sitaki ukae kwenye gari lenye kijicho cha mtu."

Mchumba gani huyu! Machozi yalinilengalenga. Pesa yangu yote ya ufuta na ya hina nikaitoa kiroho safi.

Nikiwa bado nakizunguka, akatokea Miraji.

Miraji ni mtoto wa shangazi yangu. Analima mpunga bondeni na ana mtumbwi wake. Ni mtani wangu wa damu. Tangu wadogo yeye ananiita mke wangu, mimi namwita mzee wa matope. Na huku kwetu mtani akisema, unacheka. Ukinuna, kosa ni lako.

"Mke wangu, hilo gari usinunue," akasema. "Wakati wa mafuriko nilifunga mtumbwi wangu kwenye hicho kioo cha pembeni."

Watu wote waliokuwa pale wakaangua kicheko.

"Wallahi! Maji yalifika juu ya madirisha. Mwenyewe nilimkuta kakaa juu ya paa la gari, anamlilia mama yake."

"Mwenyewe nani?" nikauliza, mbavu sina.

"Si huyo hapo! Mchumba wako."

Tulicheka jamani! Na Haidari ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi.

"Mtani wako huyu atakuua, Zuena!"

"Na humo ndani kuna kambare wangu," Miraji akamalizia. "Aliingilia dirishani. Ukimkuta unirudishie."

Nikamtupia pesa ya soda, kama mtu anavyomtuza mtani wake. Ikaanguka miguuni kwake. Hakuiokota. Nilimwona, hakuwa anacheka hata kidogo. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye kigari.

Wakati ananikabidhi funguo, Haidari akaniambia neno moja tu.

"AC usiwashe kwanza. Haina gesi, tutaijaza."

Nikamtii. Mpaka siku ile ya Muzdalifa, jua linawaka, mekapu inashuka shingoni, nikasema liwalo na liwe. Nikabonyeza.

Tuendelee. Pale barabarani Bi Salama alimfunga bibi harusi kanga zake mbili, wakasimamisha bajaji, wakaenda. Namshukuru Mungu ndoa ilishafungwa asubuhi. Nasikia bwana harusi alimpokea vilevile na tope lake.

Nikabaki peke yangu na gari.

Moyo haukutulia. Neno la Miraji lilikuwa linanirudia kichwani. Nikafungua mlango, nikapiga magoti, nikashika pembe ya kapeti, nikavuta.

Chini kulikuwa na tope la mto, limekauka na kupasukapasuka kama jaruba la mpunga baada ya maji kuondoka. Harufu ikanipiga. Ubani wote ule, kumbe ulikuwa blanketi!

Nikaingiza mkono chini ya kiti cha dereva. Nikagusa kitu kigumu.

Kambare.

Mdogo, mkavu, na sharubu zake.

Nilikaa chini palepale, naye mkononi. Kama kambare ni kweli... basi na mtumbwi ni kweli. Kama mtumbwi ni kweli... basi na yule mtu wa juu ya paa!

Nikapiga simu.

"Haidari, gari hili lilikuwa la nani?"

"La yule mama wa Dar, si nilikuambia?"

"Nimemshika kambare mkononi."

Akaanza kukohoa.

"Haidari!"

"Zuena... mimi pia nilipata hasara. Tukishaoana, hasara si ingekuwa yetu wote?"

Nikakata simu. Mtu ninayetaka kuzaa naye alinifukizia tope!

Aliyekuja kunivuta ni Miraji, na pawatila yake, kile kitrekta cha kulimia mpunga. Badala ya kumshukuru nikamvaa.

"Kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Nilikuambia. Mbele ya watu."

"Ungeniita pembeni, uniambie bila utani!"

"Nikuite pembeni nimseme mchumba wako? Ungesema nina wivu."

Akainama kufunga kamba. Hakuniangalia tena. Nikamkabidhi kambare wake, akamtia mfukoni. Tukarudi Kibiti hivyo, kigari cha maharusi kinavutwa na pawatila, maua bado yako kwenye boneti, watu wanapiga picha. Aibu yangu msiniulize.

Bamkubwa alimwita Haidari mbele ya wazee. Alikana, akakana, mpaka waliopandishwa ule mtumbwi siku ya mafuriko wakaja wenyewe kusema. Gari kalichukua, posa yake tumemrudishia, na pesa yangu nimerudishiwa. Nimerudi kupamba, maharusi wangu wanapanda bajaji.

Dada zangu, mkitaka kigari cha mkononi, kipendeni sura mnavyotaka, lakini kikinukia ubani, nyanyueni kapeti. Na mtani wako akisema neno watu wote wakacheka, usiwatazame wanaocheka. Mtazame yeye.

Nawaandikia haya kwa sababu tangu jana sikai nikatulia. Naanza kumpaka mtu hina, naharibu. Nachemsha chai, nasahau majani.

Jana Miraji alipita nyumbani, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mke wangu, Ijumaa naleta posa."

Mama akacheka mpaka akaweka ungo chini. Majirani wakacheka. Na mimi mdomo ulishafunguka nicheke, kama miaka yote.

Nikamtazama usoni.

Hakuwa anacheka.