Pipa la Buluu la Mnadani

Uji wa asubuhi ile ulikuwa na chumvi, na Witness hakuwa ametia chumvi. Alionja mara mbili, akatema, akamtazama mumewe Nathanaeli, aliyekuwa anakunywa wake kwa kelele kama kawaida, maana huyo hata ukimpa maji ya kuoshea miguu atakunywa na kushukuru. Akasema labda sufuria haikusuuzwa. Wakaishia hapo.

Maji yalikuwa ya mvua, yametoka kwenye bati la paa yakaingia kwenye pipa. Mvua ya milimani haina chumvi.

Pipa lenyewe lilikuja hivi. Kile kimbunga kilipopita pwani, redio ilikitangaza kama msafara wa harusi: leo kiko Mtwara, kesho Kilwa, keshokutwa kinaikanyaga Mafia, kisha kinafuata ufuko kuja Tanga. Watu wa Kwai, huku milimani, walicheka wakasema kimbunga hakipandi mlima. Mvua yake ikapanda. Siku tatu za upepo na ukungu, migomba ikalala chini, kipande cha kilima kikaporomoka na bomba la maji. Siku ya nne redio ikasema kimbunga kimeishiwa nguvu. Haikusema waliokuwa wamekipanda wameshukia wapi.

Kanisani wakachanga kabichi na viazi, lori likateremka kuwapelekea waliobomokewa nyumba. Watu wa pwani wana heshima, hawakutaka lori lirudi tupu. Wakapakia pipa la plastiki la buluu ambalo bahari ilikuwa imelitupa ufukoni. Jumapili likanadiwa baada ya ibada, pamoja na mayai na majogoo ya sadaka. Nathanaeli akanyoosha mkono, akalipata. Mwenye mtoto wa miezi saba na bomba lililokatika, ungemlaumu kwa lipi? Na kitu cha mnada wa kanisani hakitupwi. Kimeombewa.

Baada ya chumvi ikaja harufu, ya samaki aliyeozea ndani ya nguo mbichi. Maji yakawa na utelezi kama makamasi, ukiyachota yanakufuata kwenye kata. Witness akakuta unywele kwenye ugali, akauvuta, ukaja, akauvuta tena, mrefu kuliko mkono wake, na nyumba ile hakuna mwenye nywele hizo. Mchana kweupe, pipa limefunikwa, alisikia kitu kinagugumia ndani kama mtu mwenye kiu. Mzee wa kanisa akaja kuomba. Kwa adabu akanywa kikombe cha maji, na kabla hajafika barabarani akatapika kitu cheupe chenye urefu wa kidole, kikajikunja kwenye nyasi, kikazamia ardhini.

Nathanaeli bado akasema ni sadaka, atalitupaje, atasimama vipi mbele za watu.

Ndipo akaja mama yake, Efrazia, mjane anayekaa peke yake ng'ambo ya bonde. Harufu aliipata njiani, akaziba pua kwa kanga. Akamvua nguo mjukuu wake, Shukrani. Vidole vya mtoto vilikuwa vimekunjamana kama vya mfuaji, ngozi nyeupe, baridi, inateleza. Hakuwa akilia, siku nne. Efrazia akambonyeza tumbo kidogo tu, na maji ya kijani yakatoka masikioni, yakaacha mchanga shingoni.

"Huu mchanga si wa huku," akasema.

Akamtuma Witness upande wa Bungu, kwenye shamba la chai, amlete Hadija, mchuma chai mwenyeji wa Pangani anayejua kusema na majini. Hadija akaja, hakuingia ndani. Akafunua pipa, akanong'ona nalo muda mrefu, na kadiri alivyonong'ona ndivyo maji yalivyopanda bila mtu kuyamimina, yakafika ukingoni, yakatuna kama jicho la mgonjwa, na huko ndani ya nyumba, mgongoni mwa mama yake, mtoto ambaye hajaota hata jino akaanza kunong'ona naye, maneno yale yale, kwa sauti ya mtu mzima aliyejaa maji kifuani. Hadija akafunika pipa.

"Huyu jini, kimbunga kimembomolea nyumba," akasema taratibu. "Alikuwa anakaa mwambani, hana ugomvi na mtu. Pipa lilikuwa njia tu. Pa kukaa ameshapapata."

"Mtoe," Witness akasema kutoka mlangoni.

"Nikimtoa hana pa kwenda, ataondoka na mtoto. Baba yake alimpokea kwa hiari, mkono juu, mbele za watu. Atatoka hivyo hivyo. Mwingine ampokee."

Hapo uso wa Nathanaeli ukachangamka, na hilo ndilo lililomchefua mama yake kuliko makamasi yote yale. Maana desturi ipo: kitu cha mnada ukikirudisha sadaka, kinanadiwa upya. Jumamosi kutwa alilisugua pipa kwa jivu na sabuni, akatia majani ya mkaratusi kuua harufu.

"Unamtafutia nani, mgosi?" Efrazia akamuuliza. "Mtaje."

"Yeyote, mama."

"Yeyote ana jina."

"Ni mtoto wangu," akasema, akaendelea kusugua. Mama yake akatema mate chini, akaenda zake.

Jumapili pipa lilisimama uwanjani linang'aa. Yeremia, mnadi, akachekesha watu: pipa limetembea bahari nzima bila nauli, nani alipe heshima. Lucy, mke wa Alen, mwenye mimba ya miezi minane, akamgusa mumewe kiwiko. Alen akanyoosha mkono. Nathanaeli akatazama viatu vyake. Mgongoni kwa Witness mtoto alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayefyonza chai.

"Natoa ng'ombe wangu," Efrazia akasema kutoka upande wa wanawake.

Wakacheka. Yeremia akamuuliza bibi kama amesikia vizuri, hili ni pipa.

"Ng'ombe wangu wa maziwa. Mwenye zaidi aseme."

Akanyoosha mkono juu, akaushikilia hapo mpaka Yeremia akagonga meza. Shukrani akatapika. Yalimwagika maji ya kujaza beseni, na miba ya samaki, na fundo la nywele, yakatapakaa kwenye nyasi watu wakirukia nyuma wameziba pua. Kisha akalia, kilio kibichi cha mtoto mwenye njaa. Wakaimba sifa.

Nathanaeli akamwendea mama yake huku analia. Mama akarudisha mikono nyuma.

"Lifikishe kwangu. Na usinishukuru, utanitapisha."

Siku hizi Shukrani anatembea. Witness humpeleka ng'ambo ya bonde amwone bibi yake, na Efrazia huwasimamisha mbali, kwenye njia, mwenyewe akibaki mlangoni na mikono chini ya kanga, kwa sababu ngozi yake inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Anauliza mtoto anakula nini, anagomba kwamba kavalishwa vibaya. Mtoto humwita, "Bibi." Naye huitika. Ila Jumapili iliyopita, kabla hajafungua mdomo, kuna aliyemtangulia kuitika kutoka tumboni mwake, sauti imejaa maji, ikamwambia Shukrani asogee karibu.