Miaka Minane Iliyookolewa

Dorianga ilishuka taratibu kutoka juu ya mawe ya kilima cha Isamilo, ikasimama hewani usawa wa uso wa Milembe. Ilikuwa mashine ya mviringo, pana kama ungo, haina mlio wala upepo. Tumboni ilibeba kipimania, kifaa kinachosoma mapigo ya moyo, jasho na pumzi za mtu, kisha kukadiria anachokusudia kufanya. Tangu dorianga zianze kuruka juu ya Mwanza, wizi ulikuwa umepungua hadi watu wakaacha kufunga madirisha.

"Raia," ilisema kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, "toa mkono ndani ya jiwe. Nia yako haisomeki."

Milembe akautoa mkono. Ulikuwa umejaa mchanga na utando wa buibui. Binti yake Kabula, aliyetimiza miaka saba asubuhi hiyo, alikuwa amechuchumaa pembeni akitafuna karanga.

"Inasomeka ngapi?" Milembe aliuliza.

"Sifuri. Sifuri husomeka kwa maiti, na kwa watu waliofunzwa kuficha nia. Subiri binadamu."

Sheria haikuruhusu mashine kumkamata mtu mpaka askari wa kibinadamu atie saini. Wakasubiri. Baada ya robo saa Koplo Shilinde akatokea, anapanda kwa mikono na miguu, kofia kwapani, tumbo limemtangulia.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Ngoja kwanza nipumue." Akakaa juu ya jiwe. "Haya, mama. Mashine inasema wewe ni maiti au ni jasusi. Ni yupi?"

"Ni fundi wa pampu za maji."

"Na humo kwenye jiwe kuna pampu?"

"Natafuta kikasha alichoficha mume wangu."

Akamweleza, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kumweleza mteja kwamba valvu imeoza. Mume wake, Ngusa, alikuwa mhandisi kwenye chombo cha anga kilichokuwa njiani kwenda miezi ya Mshtarii. Safari nzima, kwenda na kurudi, ingechukua miaka tisa, na wasafiri wangeipitisha kwenye usingizi-barafu. Mwili hugandishwa, moyo unapiga mara nne kwa siku. Aliyelala hivyo hasikii, hasemi, wala haoti. Kabla ya kuondoka, Ngusa alificha vikasha tisa katika vilima vya mji, kila kimoja kina barua kwa binti yake, kimoja kwa kila siku ya kuzaliwa. Aliacha karatasi yenye nambari za mahali, mistari tisa. Nambari zinakufikisha karibu tu. Hatua kumi za mwisho unatafuta mwenyewe.

"Mchezo wa vificho," alisema Milembe. "Watu walikuwa wanaucheza dunia nzima."

"Cha mwaka jana tulikipata," Kabula akaongeza. "Mimi ndiye niliyekiona."

Koplo akamtazama mtoto, akatazama jiwe, akakataa kutia saini. Lakini nia isiyosomeka ilikuwa imeshaingia kwenye kumbukumbu, na eneo likafungwa siku nzima.

Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile. Ya tatu, Koplo hakupanda. Alisimama barabarani akaita.

"Mama Kabula, ni wewe tena?"

"Ni mimi, afande."

"Bado maiti?"

"Bado."

"Basi shuka tuongee. Magoti yangu hayana vipuri."

Walipofika chini, akamwambia aende serikali ya mtaa, aandikiwe barua yenye muhuri. Mashine, alisema, haielewi mtu lakini inaelewa muhuri.

Milembe akaenda. Mtendaji wa mtaa alimsikiliza, akacheka sana, akampa fomu. Swali la tisa lilisema: taja mahali pote ambapo shughuli itafanyika. Fundi wa maji hujifunza mapema kwamba valvu moja usiyoiandika ndiyo itakayofurikisha nyumba ya jirani. Milembe akaandika mistari yote minane iliyobaki. Muhuri ukagongwa.

Jumatatu asubuhi dorianga ilikuwa mlangoni. Chini yake ulining'inia mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo, na ndani ya mfuko mlikuwa na vikasha vinane.

"Ombi lako limeshughulikiwa," ilisema. "Vikasha vyote vimepatikana na kukaguliwa. Havina madhara. Muda uliookolewa: miaka minane."

Milembe alisimama na kijiko cha uji mkononi.

"Barua zote zimesomwa kwa ajili ya usalama," mashine iliendelea. "Je, ungependa muhtasari?"

"Usiseme."

"Ni maneno kumi na mawili tu."

"Nimesema usiseme."

Mashine ikauweka mfuko sakafuni kwa uangalifu, kama mtu anavyolaza mtoto. Kabula akaja, kamasi puani, akavihesabu kwa kidole. Kisha akauliza, "Kwa hiyo baba amemaliza kuongea?"

Milembe alitafuta ndani yake kitu cha kumjibu nacho, akakuta pamenyamaza, kama nyumba iliyokatiwa maji. Alijua swali lile lilipaswa kumuuma. Akampa mtoto uji.

Koplo Shilinde aliingia akihema, na hati ya kuthibitisha mapokezi. Aliuona mfuko. Akavua kofia.

"Mama Kabula. Ni mimi niliyekutuma huko."

"Na mimi niliandika yote." Akatia saini. Kisha akamsindikiza mpaka uani, mbali na masikio ya mtoto. "Afande, kavifiche."

"Mimi ni polisi, mama. Kazi yangu ni kutafuta, sio kuficha."

"Ndiyo maana. Unajua mahali ambapo hawatafuti. Na usiniambie. Usiandike popote."

"Mumeo alichagua sehemu zake."

"Akiamka nitamwambia zilipotea."

Koplo akavaa kofia yake tena. Kisha akaomba gunia, kwa sababu, alisema, hakuna anayemshuku polisi mwenye gunia la mkaa.

Alificha viwili kwa siku. Saba vilienda salama. Cha nane, mchana kweupe, dorianga ilimkuta amelala kifudifudi chini ya jiwe, sare imejaa vumbi, buti tu ndizo zinazoonekana.

"Koplo Shilinde. Nia yako inasomeka hofu, asilimia tisini na nane. Eleza unachofanya."

Angesema kweli, ukweli ungeingia kwenye kumbukumbu, na kesho yake mfuko ungekuwa mlangoni tena.

"Najisaidia," alisema.

"Kifudifudi?"

"Ilikuwa dharura."

Mashine ilitafakari. Kujisaidia hadharani ni kosa, na askari wa kibinadamu alitakiwa kutia saini. Wa zamu alikuwa mmoja tu. Koplo Shilinde akatoa kalamu, akajikamata.

Alihukumiwa kufagia soko Jumamosi tatu, akiwa na sare. Milembe na Kabula walimkuta kwenye safu ya dagaa, wauzaji wamemzunguka.

"Afande, choo kile pale," mama mmoja alimwonyesha. "Tusije tukakutwa na dharura."

"Asante, mama. Nimekiona," alijibu Koplo, akaendelea kufagia.

Milembe akamwamkia.

"Na ukihamishwa?" aliuliza.

"Nitapanda basi nije kumwelekeza, kila mwaka siku yake ya kuzaliwa."

"Na ukifa?"

"Basi mtatafuta mji mzima. Mtaujua vizuri." Akainama kwa Kabula. "Mjukuu, cha mwaka huu sikia. Kilima cha nyuma ya shule. Jiwe lenye mgongo wa ng'ombe aliyelala. Utaingiza mkono tumboni kwake."

Kabula hakuaga. Alimshika mama yake mkono, akamvuta kati ya mabeseni ya dagaa na mafungu ya nyanya.

"Mama, wewe unajua kilipo?"

"Sijui," alisema Milembe.

Walipofika njia ya shule kilima kilianza, na mawe yalikuwa mengi, yote yanafanana na ng'ombe. Kabula alisimama kufunga kiatu. Milembe alikuwa ameshapanda hatua kadhaa mbele ndipo akagundua kwamba yeye ndiye anayeharakisha.