Wadudu wa Tangi la Manjano

Kila siku saa moja na nusu asubuhi binti wa maabara alichuchumaa kando ya mtaro nyuma ya karakana ya kupaka vyuma kromu, akajaza chupa nne ndogo, akaandika tarehe kwenye vibandiko, kisha akaondoka bila kumtazama mtu. Siku hiyo chupa ya tatu haikujaa. Ndoo nzima ya maji ilirushwa kutoka mlangoni, ikamlowesha viatu, soksi na pindo la gauni lake la buluu.

"Lo! Samahani, dada'ngu. Sikujua mtaroni kuna watu."

"Kuna watu na kuna sumu," alijibu kwa sauti ndogo, akajishangaa mwenyewe.

Fundi aliyerusha maji alicheka. Alikuwa mrefu, bampa la gari likimng'aria kwapani, na nyuma yake mashine za kusugulia zilipiga kelele mpaka ikabidi wasogeleane ndipo wasikizane.

Kuanzia hapo akamwita Daktari, ingawa binti alikuwa mfanyakazi wa maabara mwenye diploma tu. Fundi ndiye aliyemsaidia kusimamisha tangi kubwa la majaribio uani. Maji ya karakana yalitoka ya manjano kwa kromu yenye sumu. Ndani ya tangi binti alifuga bakteria, akawalisha molasi, nao wakaipunguza ile kromu ukali hadi ikazama chini kama tope la kijani. Lakini hakuwaita bakteria. Aliwaita "wadudu wangu".

"Umekula, Daktari?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Bado. Wadudu wangu wameshakula."

"Yaani mimi nionee wivu vitu visivyo na macho!"

"Wao nawapa molasi tu, mpenzi."

"Na mimi?"

Binti akakata simu kwa haya. Baada ya dakika moja akapiga tena. "Wewe nimekukubali. Nenda kwa baba ukaseme. Ila kazini usimwambie mtu kwanza."

Wiki ya sita ya jaribio binti akaugua mafua. "Kesho siji," alimwambia akikohoa. "Tangi linanuka, wadudu wamezidi, na keshokutwa mkuu wa maabara analeta wageni. Nimechoka, mpenzi."

Fundi alisikia hayo: linanuka, wadudu wamezidi; akadhani ni wadudu wengine, wachafu, walioingia tangini. Kesho yake akanunua lita tano za klorini, akazimimina tangini, akasugua kuta kwa brashi mpaka jasho likamtoka. Jioni akapiga simu kwa furaha. "Pumzika, mama. Nimewaua wote. Tangi linanukia!"

Binti aliketi kitandani, akakata simu.

Alipofika uani siku ya ugeni, mkuu na wageni wawili walikuwa wameshalizunguka tangi. Maji ndani yalikuwa ya manjano, kama hayajawahi kuguswa.

"Nani kaingia humu?" mkuu aliuliza.

"Mimi, mzee," fundi alisema, akimtazama Daktari wake.

"Huyu ni nani kwako?"

"Simjui vizuri," binti alijibu akitazama chini. "Ni fundi tu wa hapa."

Mwenye karakana, kwa kuogopa wakaguzi, alimfukuza fundi kabla ya adhuhuri. Binti alifuga bakteria wengine, jaribio likafaulu, akapandishwa cheo. Simu zake kwa fundi ziliita tu. Hazikupokelewa.

Mwezi wa tano baada ya hapo dada yake fundi alimhurumia binti, akamwelekeza kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli. Fundi alikuwa akinyoosha rimu, wateja wawili wakisubiri kwenye benchi.

"Wadudu hawajambo?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hawajambo. Nimekuja kuomba..."

"Kufukuzwa hakukuniuma. Niliharibu, nikaadhibiwa. Lakini 'fundi tu'? Nilikuwa nimeshasimama mbele ya baba yako!"

"Niliogopea kazi yangu," alinong'ona.

"Ongea, sikusikii."

Wateja wakageuza shingo. Binti aliyezoea kumeza maneno aliinua uso, na safari hii benchi zima lilimsikia.

"Si kazi niliyoiogopea. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyekufundisha kuwaita wadudu. Mkuu alipouliza, neno 'mchumba' lilikuwa mdomoni. Nikawatazama wale wageni na tai zao, nikakutazama wewe. Nilikuonea aibu, mpenzi. Wewe. Nilikuonea aibu."