Mfuko wa Pili wa Mizizi

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ni ileile. Nawatoa mbuzi zizini, nawanywesha maji, kisha naketi na ndugu yangu Muthama kuhakikisha amemeza vidonge vyake. Muthama ana miaka tisa na ana kifafa. Vidonge vya hospitali vimemsaidia, hilo sikatai, lakini vinamletea usingizi. Darasani husinzia mpaka mwalimu amguse bega, na wenzake humcheka. Wapo hata wasiotaka kula naye, wakidhani kifafa huambukizwa kwa mate. Huo ni uongo. Nimegombana nao mara nyingi, na nitagombana nao tena.

Tunaishi karibu na Tseikuru, kaskazini mwa Kitui. Wengine wakisikia hivyo hudhani hatuna lolote ila mbuzi na jua kali. Basi na wajue kwamba shangazi yangu, Daktari Katunge, alichunga mbuzi papa hapa, na leo ni mkemia katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Yeye si daktari wa kudunga watu sindano. Kazi yake ni kuunda dawa za ubongo. Huchukua kitu kilichomo ndani ya mmea, akachunguza kimejengwaje, kisha akakijenga upya katika maabara, akibadilisha hapa na pale mpaka apate kinachofaa.

Aliwahi kunieleza kwamba seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo sana. Kifafa kinapokuja, zote hupiga kelele kwa pamoja, kama darasa mwalimu akitoka. Shangazi anatafuta dawa itakayotuliza kelele hizo bila kulilaza darasa zima.

Bibi yetu, ambaye sisi humwita Susu, ndiye aliyemwonyesha kichaka fulani kinachoota juu ya kilima cha Mumoni. Wazee wa zamani waliitumia mizizi yake kwa watu wa kuanguka. Mwezi wa Aprili mwaka juzi, Shangazi na Susu walipanda kilima wakachimba mfuko wa kwanza. Kutoka katika mfuko ule Shangazi alipata unga mweupe, kidogo tu, wa kujaa kijiko cha chai. Panya wa maabara wenye kifafa waliopewa unga ule waliacha kutetemeka, na hawakulala. Shangazi alipiga simu akilia kwa furaha. Papo hapo akamkataza Susu kumchemshia Muthama mizizi ile. Kipimo chake bado hakijulikani, alisema, na kinachoponya kikizidi huua. Muthama asiache vidonge vya hospitali hata siku moja.

Ili aujue vizuri unga ule na aweze kuujenga mwenyewe, alihitaji mwingine. Septemba akaomba mfuko wa pili. Goti la Susu lilikuwa limevimba, kwa hiyo nikatumwa mimi.

Sitajitetea. Siku hiyo shule yetu ilikuwa na fainali ya mpira wa wavu mjini Tseikuru, na kufika kwenye vichaka vya Mumoni ni mwendo wa saa mbili na nusu. Kando ya mto mkavu, karibu na nyumbani, kulikuwa na kichaka kingine. Wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, huwezi kuvitofautisha: gome ni lile la kijivu na miiba ni ileile. Mizizi ni mizizi, nikajiambia. Nikang'oa, nikajaza mfuko, nikamkabidhi Baba aupeleke kwenye basi la Nairobi. Saa sita nilikuwa uwanjani nikishangilia.

Januari, Jumamosi moja, Shangazi alikuja bila taarifa. Alikuwa amekonda. Aliketi jikoni na Susu, mimi nikipuliza moto, akaeleza yaliyompata. Mfuko wa pili haukutoa chochote. Alirudia kazi mara tatu, na mara zote panya waliendelea kutetemeka. Katika sayansi, jambo lisiloweza kurudiwa halikubaliki. Mkuu wa idara yao, Profesa Kanyi, alikuwa amempa barua ya kutia sahihi kufikia Jumatano. Barua ilisema kwamba matokeo ya kwanza yalikuwa makosa na utafiti ufungwe. Huko chuoni watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Katunge alipika matokeo.

"Sitatia sahihi," Shangazi alisema. "Wanifukuze wakitaka. Nilichokiona nilikiona kwa macho haya."

Moshi ulinipa kisingizio cha machozi. Nilitoka nikamkuta Baba zizini, nikamwambia ukweli wote. Baba akaniambia ninyamaze.

"Shangazi yako amesoma, atajua la kufanya," alisema. "Lakini wewe ukisema, Tseikuru yote itajua kwamba binti wa Nyamai ndiye aliyemwangusha."

Nampenda Baba, na sijazoea kumpinga. Lakini wakati huo Muthama alikuwa ameegemea ua, amesinzia, kamba ya mbuzi mkononi. Nikafikiri kwamba utafiti ukifungwa, atasinzia hivyo hadi awe mzee. Hasira zikanipanda, na nilijikasirikia mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

"Nitasema, Baba," nikamwambia. "Hata ukinichapa, nitasema."

Hakunichapa. Aliinama akaendelea kufunga lango la zizi, nami nikarudi jikoni nikasema.

Susu ndiye aliyeuliza kwanza, na swali lake lilinishangaza. Alitaka kujua kama nilifukia shimo. Kwetu, mchimba dawa huchukua mizizi ya upande mmoja tu, kisha hufukia shimo na kulikanyaga vizuri, ili mmea uishi na mgonjwa wa kesho apate dawa. Nikakiri kwamba sikufukia, na kwamba nilichukua mizizi yote.

Susu alichukua fimbo yake, tukamfuata hadi mtoni. Kichaka kilikuwa kimekauka, kimelala kando ya shimo lililo wazi. Susu alivunja kipande cha mzizi, akakinusa, akampa Shangazi anuse. Hapo ndipo Shangazi alipozungumza.

"Miezi minne, Nthenya," alisema. "Miezi minne nimejiita mjinga, kisa mpira."

Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Nilitaka kukimbia lakini sikukimbia. Nilisimama pale nikasikiliza yote aliyokuwa nayo moyoni, na alikuwa nayo mengi.

Kesho yake, baada ya kanisa, tulipanda Mumoni. Mvua za Novemba zilikuwa zimevipa vichaka majani na maua, na sasa hata kipofu angejua kwamba si kile cha mtoni. Tuliyaona mashimo ya Aprili, yamefukiwa vizuri, upande mmoja wa kila kichaka. Mengine hayakuwepo. Hakuna aliyechimba pale mwezi wa Septemba, na ardhi yenyewe ilikuwa shahidi. Tulijaza mfuko wa tatu kwa desturi ya Susu, tukafukia. Shangazi alichuma majani na maua, akayabana katikati ya magazeti.

Kisha akanipa daftari lake la maabara na kalamu ya wino. Katika daftari lile hakuna kufuta wala kuchana ukurasa. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja tu, ili kila mtu aweze kulisoma. Alinitaka niandike kwa mkono wangu. Niliandika: "Mfuko wa pili haukutoka Mumoni. Niliuchimba kando ya mto kwa uvivu, nikadanganya. Nthenya Nyamai, Gredi ya Nane."

Nilidhani tumemaliza, lakini Shangazi alilichukua daftari akaandika chini yangu: "Nami sikudai jani wala ua, hata lililokauka, la kuutambulisha mmea. Mgeni angeniletea mfuko ule, ningedai. Kwa kuwa ulitoka nyumbani, niliuamini bila kuukagua. Katunge."

Jumanne tulikuwa ofisini kwa Profesa Kanyi. Alikuwa mzee mpole, mwenye miwani minene. Alisoma ukurasa ule mara mbili, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuyasema hayo ili kumwokoa shangazi yangu.

Damu ilinichemka. "Hakuna aliyenifundisha, Profesa," nikamjibu. "Baba hata alinikataza. Kama huamini, njoo Tseikuru. Shimo la mtoni liko wazi, na ya Mumoni yamefukiwa. Nitakuonyesha mwenyewe."

Shangazi alinikanyaga mguu chini ya meza. Profesa akaichukua ile barua ambayo Shangazi hakuitia sahihi, akaifungia kwenye droo. Akasema mtu anayetunga uongo hujipendelea, na katika ukurasa ule hakuna aliyejipendelea. Akampa Shangazi miezi mitatu.

Mwishoni mwa Machi simu ililia. Unga mweupe ulikuwa umepatikana tena, na panya walikuwa wametulia macho wazi. Susu alipiga vigelegele. Shangazi alitutuliza kwa kutwambia ukweli: kazi ya kuunda dawa ile na kuipima isidhuru mtu inaweza kuchukua miaka kumi au zaidi, na huenda isifaulu. Lakini utafiti haukufungwa.

Alikuja likizo ya Aprili akiwa na ripoti yake, akatusomea mimi na Baba kwa Kiswahili. Mfuko wa pili ulikuwemo, pamoja na jina langu. Nilimsihi auondoe. Mfuko wa tatu ulitosha, nikasema, kwa nini watu wasome aibu yangu?

"Sitauondoa," Shangazi alisema. "Nikificha mfuko wako, kesho nitaficha panya mmoja aliyekufa, na keshokutwa nitampa Muthama dawa ya kumuua. Kosa lililosemwa linarekebishika, Nthenya. Lililofichwa ndilo linaloua watu. Ulidanganya, na hilo halifutiki. Lakini ulisema wakati kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi, na hilo pia halifutiki."

Baba alikohoa, akasema polepole kwamba siku ile yeye ndiye aliyekosea. Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtoto.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu wetu wa sayansi, Bwana Ndululu, aliyepewa na Shangazi nakala ya ukurasa ule wa daftari, aliniomba niwasomee wenzangu. Nilisimama mbele ya darasa nikasoma: mfuko wa pili haukutoka Mumoni, niliuchimba kando ya mto kwa uvivu, nikadanganya. Nyuma ya darasa mtu akacheka.

Nikainua kichwa, nikamtazama, nikarudi mwanzo nikasoma tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka kwenye jina langu.