Kidonge cha Siku ya Kliniki

Baba yangu ni fundi cherehani. Anaumwa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, mwaka wa saba sasa. Kabla hajatibiwa vizuri, alikuwa akiamka hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Akimeza kidonge, baada ya muda mkono unatulia, anashika mkasi, anakata suruali vizuri tu. Zamani nafuu hiyo ilidumu nusu siku. Ikafika mahali ikadumu kwa saa mbili tu, kisha anakakamaa mteja akimtazama.

Daktari hakuyajua hayo, na kosa ni letu. Kila siku ya kliniki tulimvalisha baba suti, tukampa kidonge kwa kupiga hesabu, ili aingie akitembea kama bwana harusi. Fundi wa nguo aonekane ovyo? Thubutu! Daktari akaandika kwamba anaendelea vizuri, nasi tukarudi tumefurahi. Mficha uchi hazai, jamani, na sisi tulificha kwa suti.

Siku moja foleni ikawa ndefu. Zamu yetu ilipofika, nguvu ya kidonge ilikuwa imekwisha. Baba akaganda mlangoni, miguu haitoki. Muuguzi akauliza kama hali hiyo humtokea mara nyingi. Nikataka kusema ni leo tu. Baba akasema ni kila siku, mara nne.

Muuguzi akatukalisha. Akatueleza kuhusu upasuaji wa kuweka waya mwembamba ndani ya ubongo. Kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua hupeleka umeme kidogo kwenye waya huo, na mwili hutulia.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa nasi. Akadakia, "Kichwa hakitobolewi hovyo. Tungoje kwanza dawa zigome kabisa."

"Mzee, hapo ndipo wengi wanapokosea," muuguzi akamjibu. "Upasuaji huu humfaa zaidi mtu ambaye kidonge bado kinamsaidia, ila nafuu haidumu. Dawa zikigoma kabisa, mara nyingi na waya hautasaidia. Kumbukumbu ikiharibika sana, tutaogopa kumpasua."

Hakutuficha ubaya wake. Upasuaji hauponyi ugonjwa. Damu inaweza kuvuja ubongoni, na kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa kwanza, bila kidonge na baada ya kidonge, na kumbukumbu pia.

Baba mkubwa akaanza tena kutoa sababu zake. Nami sikumuuliza baba anataka nini, na hadi leo najilaumu. Sauti ya baba imefifia kwa ugonjwa, lakini siku ile sote tulimsikia.

"Mgonjwa ni mimi, na hakuna aliyeniuliza. Mnangoja nishindwe kabisa ndipo mnisaidie?"

Alipimwa, akafaa, akapasuliwa. Kifaa kilirekebishwa kwa miezi kadhaa. Sauti bado ni ya chini, na vidonge vichache bado anameza. Lakini anashona tangu asubuhi hadi mchana bila kuganda. Baba mkubwa sasa anatangaza mtaani kwamba wazo lilikuwa lake. Haya, na lake liwe.

Mimi hasira yangu haijaisha. Daktari alisema angetushauri miaka miwili kabla, kama angemwona baba alivyo kweli. Miaka miwili baba aliganda mbele ya watu kwa sababu ya fahari yetu. Mgonjwa wako usimpambe kwa ajili ya daktari. Zitaje saa zake mbaya zote. Kisha nyamaza, umwache mwenyewe aseme anachotaka.