Barafu ya Harusi ya Shangazi Mwanaisha

Kila asubuhi Munira hufagia uwanja, huchota maji, kisha huwasha jiko la chai. Lakini siku ya harusi ya shangazi yake Mwanaisha, hata fagio hakuligusa. Nyumba yao ya Kabuku ilifurika wageni tangu alfajiri: wa Misima, wa Korogwe, na wengine ambao hakuna aliyejua wamealikwa na nani.

"Munira, kazi yako leo ni barafu tu," Bibi Hajira alimwambia. "Watu wote hawa wakinywa juisi ya ukwaju ya moto, Handeni nzima itatusema mpaka mwakani."

Barafu yenyewe ilikuwa bonge kubwa lililoletwa kwa basi kutoka Korogwe, limefukiwa kwenye pumba za mpunga na kufunikwa viroba vyeupe. Viroba vilikuwa vimechakaa. Aibu gani hii mbele ya wakwe! Munira akavitoa, akapangusa pumba zote, akalifunika bonge pale pale juani kwa nailoni mpya nyeusi inayong'aa. Kisha akakimbia kumchungulia bibi harusi akipambwa.

Aliporudi, kijito cha maji kilikuwa kimefika mlangoni mwa jiko. Kuku walikuwa wanakunywa.

"Hee! Kuku wameanza sherehe!" binamu yake Mustapha alicheka. "Leo tutakunywa uji wa ukwaju!"

Munira angeweza kulisingizia jua. Lakini aliita, "Bibi, nimeharibu. Nilitoa viroba, nikaweka nailoni."

Akina mama wakaguna. Mwalimu Semboja, mmoja wa wageni, akagusa ile nailoni na kurudisha mkono haraka. "Inaunguza! Vileteni viroba na pumba. Tulihamishie kivulini!"

Bonge lilikuwa limebaki nusu. Walipokuwa wakilifukia, mwalimu alisema, "Mwanangu, hiki ndicho kinachotokea ncha ya kaskazini ya dunia. Kule bahari imeezekwa barafu nyeupe, na weupe ule hulirudisha jua juu. Sasa moshi wetu wa mafuta na makaa ya mawe umeongeza joto duniani. Barafu ikiyeyuka, yanabaki maji meusi. Nayo hunywa jua kama nailoni yako, yakayeyusha barafu iliyo jirani."

"Na kusini je, mwalimu?"

"Kusini barafu iko juu ya nchi kavu. Mahali pengine ni nene kuliko urefu wa Milima ya Usambara. Inayoyeyuka huingia baharini, na bahari inapanda hadi huku kwetu Pangani."

Hata mashangazi waliokuwa wakimteta bwana harusi wakasogea kusikiliza. Munira alijaribu kuiwaza milima ile yote ikiwa barafu tupu.

Jioni juisi ilitoka baridi, na wakwe wakaomba ya pili.

"Ungenyamaza, tungekunywa uji kweli," Bibi Hajira alisema, akimpa bilauri yake. "Ukiharibu, sema mapema, kisha ukitunze kilichobaki. Hicho ndicho tulicho nacho."

Mustapha akanyoosha mkono kuinua kiroba achungulie.

"Funika!" Munira alifoka, na akina mama wote wakaitikia, "Funika!"